Uzamili wa Hesabu: Nani Atalipa, na Kwa Nini Alipe?

Barua ya kukubaliwa chuoni huja na furaha kwenye ukurasa wa kwanza na ada kwenye ukurasa wa pili. Kwa shahada ya uzamili ya sayansi ya data jijini London, mwanafunzi anayehesabiwa kuwa mgeni anaweza kudaiwa zaidi ya pauni 30,000 kwa mwaka mmoja, kabla ya chumba, chakula na nauli. Kwa familia inayoishi kwa mshahara mmoja Sharjah au Leicester, hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa: shangazi wa Toronto, mjomba wa Mombasa, kikundi cha WhatsApp cha ukoo, na kile kiwanja cha Kigamboni kilichokuwa kinasubiri bei ipande.

Kabla kiwanja hakijauzwa, familia ikae na iulize swali ambalo wengi huliruka: kozi hii kwa kawaida nani huilipia, na yeye anapata nini? Masomo ya hesabu, yaani hisabati, takwimu, takwimu bima, uchumi wa kihesabu, sayansi ya data na jamaa zao, yana bahati ambayo masomo mengi hayana. Wapo wanaohitaji watu wa kuyafundisha na kuyatumia, na wako tayari kulipa. Ila hawalipi kila mahali, na hawamlipi kila mtu.

Jina la kozi lina bei yake

Tuanze na Marekani, maana huko ndiko watu wanakopotea zaidi. Ndani ya chuo kimoja unaweza kukuta kozi mbili zinazofundisha mambo yanayokaribiana sana. Moja inaitwa uzamili wa sayansi ya data, au uhandisi wa fedha. Ina tovuti ya kupendeza, picha za vijana wanaocheka, na ada ya makumi ya maelfu ya dola. Ya pili inaitwa tu uzamili wa takwimu, au wa hisabati, na ukurasa wake unaonekana kama haujaguswa tangu zama za simu za tochi.

Ile ya kwanza chuo kimeianzisha ili kiuze. Ya pili imo ndani ya idara yenye shida ya kila siku: kila muhula mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanasoma kalkulasi na takwimu za mwanzo, na lazima apatikane mtu wa kusahihisha mitihani yao, kuendesha vipindi vya mazoezi, na kukaa ofisini wanapokuja kuuliza. Mtu huyo huwa mwanafunzi wa uzamili au wa uzamivu. Kwa kazi hiyo isiyozidi saa 20 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha juu ambacho mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni wakati wa masomo, anasamehewa ada na kupewa posho ya kila mwezi. Wenyewe wanaiita asistantishipu. Ni ajira kama ajira nyingine, na ukiiona hivyo utajua pa kuitafuta: mahali penye wanafunzi wengi wa kufundishwa na watu wachache wa kuwafundisha.

Vyuo vikubwa vyenye majina mara nyingi huziweka kazi hizo kwa wanafunzi wao wa uzamivu, na wa uzamili wanalipa wenyewe. Mlango mpana zaidi uko kwenye vyuo vya majimbo vya ukubwa wa kati, hasa vile ambavyo idara ya hisabati inaishia kwenye uzamili. Hapo hakuna mtu mwingine wa kufundisha kalkulasi. Mji wenyewe huenda hujawahi kuusikia, na baridi yake haina utani. Lakini anayetoka hapo na alama nzuri, uzoefu wa miaka miwili ya kufundisha na asiye na deni hata senti moja, yuko mahali pazuri kuliko mwenzake aliyesoma penye jina kubwa na anadaiwa dola 80,000.

Canada ina desturi yake. Kule uzamili umegawanyika mara mbili: ule wa kuandika tasnifu chini ya profesa, na ule wa masomo ya darasani tu, unaouzwa kwa wanaotaka kazi haraka. Wa tasnifu, katika hisabati na takwimu, kwa kawaida huja na posho inayotoka kwenye kufundisha na kwenye fedha za utafiti za profesa. Wa darasani kwa kawaida hauna kitu. Angalia pia kwamba vyuo vingi vya Canada havisamehi ada: vinakupa posho, halafu ada inakatwa humo humo. Kwa hiyo hesabu inayokuhusu ni ile inayobaki mkononi.

Njia nyingine ya Marekani ni kuomba uzamivu moja kwa moja ukiwa na shahada ya kwanza. Inaruhusiwa, tofauti na mazoea yetu ya Afrika Mashariki na ya Uingereza, na katika takwimu na uchumi programu nyingi za uzamivu hulipiwa kikamilifu tangu mwaka wa kwanza, na uzamili hupatikana njiani. Kwa kijana anayependa utafiti hiyo ni njia halali kabisa. Kwa asiyeupenda, miaka mitano ni mingi, na sioni busara ya kumsukuma mwana huko kwa sababu ya posho tu.

Utajuaje idara inalipa au hailipi? Tovuti husema maneno laini kama "ufadhili unaweza kupatikana". Usiyategemee. Muandikie mratibu wa wanafunzi wa uzamili, kwa heshima na kwa ufupi, maswali matatu. Katika wanafunzi wa uzamili walioingia mwaka jana, wangapi walipata kazi ya kufundisha tangu muhula wa kwanza? Msamaha unafuta ada yote, au kunabaki michango ya chuo na bima ya afya? Posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili? Mratibu akijibu kwa namba, umepata jibu. Akijibu kwa kukurudisha kwenye tovuti, hilo nalo ni jibu.

Hapa niseme neno kuhusu mawakala, hawa wanaokodi ukumbi wa hoteli Muscat au Dar es Salaam na kugawa vipeperushi. Wakala wa kawaida hulipwa na chuo, kwa asilimia ya ada anayolipa mwanafunzi aliyempeleka. Mwanafunzi asiyelipa ada hamletei kitu. Si lazima awe mwongo; biashara yake tu haimfikishi kwenye idara zinazolipa. Na yule anayedai "ada ya kuhakikishiwa ufadhili" kutoka kwako wewe mzazi, huyo mfungie mlango.

Pasi mfukoni, na mahali unapolala

Swali la pili ni gumu zaidi kwa sisi tulio nje, na ndilo orodha za kwenye intaneti hazilielezi kwa sababu ziliandikwa kwa kijana aliyezaliwa, kusoma na kuishi katika nchi moja. Watoto wetu hawako hivyo. Wana pasi ya nchi moja, ukazi wa nchi ya pili, na pengine shahada ya kwanza ya nchi ya tatu. Kila mfadhili ana kipimo chake kati ya hivyo vitatu.

Chukua Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa uzamili wa mwaka mmoja. Unataka uwe raia wa nchi iliyomo kwenye mpango, uwe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na urudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Mwenye pasi ya Uingereza hapokewi, hata kama ana pasi ya Kenya pia. Ufadhili wa pamoja wa Jumuiya ya Madola, unaoendeshwa na Uingereza kwa nchi zinazoendelea, unaongeza sharti la ukazi: uwe unaishi kwa kudumu katika nchi ya Jumuiya inayostahili. Oman haimo. Binti wa Kitanzania aliyekulia Muscat anaweza kuwa na pasi sahihi na bado akakwama hapo. Ufadhili wa Japani na Benki ya Dunia kwa uzamili haumchukui mwenye uraia wa pili wa nchi iliyoendelea. Na DAAD ya Ujerumani, katika ufadhili wake mwingi, haimchukui aliyekwisha kuishi Ujerumani zaidi ya miezi 15 wakati wa kuomba, kwa hiyo kijana aliyekwenda Berlin kujifunza lugha "kwanza" anaweza kujifungia mlango bila kujua.

Uraia wenyewe nao si sawa kwetu sote. Mkenya anaweza kushika pasi mbili tangu katiba ya 2010. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa Tanzania, na hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania haimrudishii uraia. Kwa hiyo familia ya Reading au Minneapolis inayokaribia kula kiapo cha uraia mpya iulize kwanza: kuna kijana nyumbani anayetarajia kuomba ufadhili unaodai pasi ya Afrika? Mara nyingi uraia mpya bado ndio utakaoshinda. Ila uamuzi ufanywe macho yakiwa wazi.

Upande wa pili, ukazi hufungua milango pia. Kijana mwenye ukazi wa kudumu Uingereza na aliyeishi huko miaka mitatu kabla ya kozi hulipa ada ya mwenyeji, ambayo kwa kozi nyingi iko chini sana ya ada ya mgeni, na akiwa Uingereza ya kusini ya Scotland na mashariki ya Wales anaweza kuomba mkopo wa uzamili wa serikali. Hulipwa kwa asilimia 6 ya kipato kinachozidi pauni 21,000 kwa mwaka. Kwa familia nyingi za pwani mkopo huo una tatizo la dini kabla hujafika kwenye hesabu, maana una riba. Mpango wa mkopo usio na riba ulizungumzwa na serikali tangu 2013, na mpaka makala haya yanaandikwa haujaanza. Huko Marekani nako, mwenye kadi ya kijani hutegemea mikopo ya serikali kuu, lakini sheria ya 2025 imefuta mkopo mkubwa wa wanafunzi wa ngazi za juu kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, na kuweka kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka kwa shahada za kawaida za uzamili. Zile kozi za bei mbaya zilikuwa zikitegemea mkopo huo. Ni sababu moja zaidi ya kutafuta idara inayolipa.

Wasiouliza ulikozaliwa

Kwa familia za Ghuba kuna habari njema karibu na nyumbani. KAUST, chuo kilichofunguliwa 2009 huko Thuwal, kaskazini ya Jeddah kwenye Bahari ya Sham, kina uzamili wa takwimu na wa hisabati tumizi. Ufadhili wake hulipa ada, posho, nyumba ndani ya chuo na matibabu, na wanafunzi hutoka kila bara. Wavulana na wasichana husoma pamoja, na kuna nyumba za wenye familia. Abu Dhabi kuna MBZUAI, kilichoanzishwa 2019 kwa ajili ya akili mnemba, na kimejulikana kwa kuwapa ufadhili kamili wanafunzi wa uzamili kinaowakubali. Vyote viwili ni vigumu kuingia. MBZUAI huwapima waombaji kwa mtihani wa mtandaoni wa hisabati na uandishi wa programu, na hapo alama za cheti hazikusaidii kama mikono haijazoea.

Kwa mwenye pasi ya nchi ya Afrika, popote anapoishi, ipo AIMS. Ilianzishwa 2003 Muizenberg, Cape Town, na Neil Turok, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, na sasa ina vituo pia Senegal, Ghana, Cameroon na Rwanda. Wanafunzi wengi hulipiwa masomo, malazi na chakula. Kozi hufundishwa kwa vipande vya wiki tatu tatu na wahadhiri wanaotoka vyuo mbalimbali duniani, na watu huishi mahali pamoja, kwa hiyo swali la saa nne usiku lina wa kulijibu. Kituo cha Senegal hutumia Kifaransa na Kiingereza, jambo linalomfaa kijana wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa. Nimewasikia wazazi wakikunja uso wakiambiwa mtoto atoke Dubai kwenda kusoma Kigali. Waangalie kwanza waliopita hapo wako wapi leo. Wengi waliendelea na uzamivu ng'ambo, kwa kulipiwa.

Ulaya ina Erasmus Mundus: uzamili unaosomwa katika nchi mbili au zaidi, kwa posho ya euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, bila ada. Kwenye hesabu zimekuwamo QEM ya uchumi wa kihesabu, yenye vyuo vya Paris, Venice na Barcelona, na BDMA ya data kubwa, inayoanzia Brussels. Orodha hubadilika kila mwaka, na dirisha la kuomba kwa kawaida ni kati ya Oktoba na Januari. Tahadhari moja: kozi hizi hukubali pia wanaojilipia. Barua inayosema "umekubaliwa" bila kutaja ufadhili si ufadhili, na nyuma yake kuna ada ya maelfu ya euro.

Ujerumani ni hadithi nyingine. Vyuo vya umma katika majimbo mengi havitozi ada hata kwa mgeni, isipokuwa mchango mdogo wa muhula. Baden-Württemberg hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo cha ufundi cha Munich, TUM, kimeanza ada kubwa kuliko hiyo tangu 2024. Lakini "bure" ya Ujerumani ina mlango wa chuma: kwa viza, mwanafunzi asiye na mfadhili huonyesha euro 11,904 kwenye akaunti iliyozuiliwa, ambayo hutoa euro 992 kwa mwezi. Pesa ni zako na utazila mwenyewe, ila lazima ziwepo zote siku ya kuomba. Hapa ndipo harambee ya ukoo ina maana kweli. Kuchangia euro 12,000 za kuishi ni jambo linalowezekana. Kuchangia ada ya London ni kuwafilisi watu.

Kwa mwombaji mwenye mke au mume na watoto, nchi zinatofautiana sana. Tangu Januari 2024 Uingereza hairuhusu wanafunzi wa uzamili wa darasani kuleta familia. Marekani inamruhusu mwenzi kuja kwa viza ya F-2, lakini haruhusiwi kufanya kazi. Posho ya mwalimu msaidizi imepimwa kwa mtu mmoja mwenye chumba cha kushirikiana, haikupimwa kwa baba wa watoto wawili.

Makaratasi yanayochelewa

Kinachowaangusha wengi wenye akili za kutosha ni vitu vidogo. Nakala ya matokeo inaweza kuchukua wiki nyingi kutoka ofisi ya msajili, na ukiwa Doha huwezi kwenda kusimama dirishani. Tafuta ndugu wa kufuatilia, mpe barua ya idhini, na uanze Julai kwa maombi ya Desemba. Kama ulisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, GPA yako iko kwenye kipimo cha 5, si cha 4 kama cha Marekani. Andika "4.1 kati ya 5" kila mahali, la sivyo msomaji wa huko atadhani umekosea namba.

Barua za mapendekezo: fomu nyingi hutaka baruapepe ya chuo ya mwalimu, na walimu wetu wengi hutumia anwani binafsi. Muulize mapema. Mpe pia orodha ya masomo uliyosoma kwake, alama ulizopata na kazi uliyoandika, maana amefundisha mamia na barua inayosema "ni kijana mwenye bidii na nidhamu" haimsaidii mtu anayechagua nani atafundisha kalkulasi. Mwalimu aliyekuona ubaoni ukimwelekeza mwenzako ana cha kusema kuliko mkuu wa kitivo asiyekujua sura.

Idara zenyewe hutazama masomo matatu kwanza: kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya linia, na nadharia ya uwezekano, na kwa hisabati au uchumi huongeza somo la kuthibitisha nadharia. Aliyesoma biashara au uhasibu na ana pengo hapo anaweza kuliziba kwa somo moja moja lenye cheti kabla ya kuomba. Kwa kazi ya kufundisha Marekani, alama ya kuzungumza Kiingereza huangaliwa peke yake, nje ya jumla. Msichana aliyesoma shule ya Kihindi Muscat kwa Kiingereza maisha yake yote bado anaweza kutakiwa mtihani huo, kwa sababu pasi yake inasema Tanzania.

Majibu ya Marekani yanapokuja, kati ya Februari na Aprili, usikubali kusukumwa. Vyuo vingi vimetia saini makubaliano kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kuamua. Idara ikikupa siku tano tu, uliza kwa adabu kama chuo chao kimo. Na ukiwa na barua mbili mkononi, ziweke mezani pamoja na wazazi, chukua kalamu, toa michango ya chuo, bima na kodi ya nyumba kwenye kila posho, kisha tazama Juni, Julai na Agosti: kama posho ni ya miezi tisa, nani atalipa chumba katika hiyo mitatu?